Louis de Funès au Pierre Richard: uanze na yupi?

De Funès na Richard ni wachekeshaji wawili wa sinema ya Ufaransa, na swali hili huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza anajifunza Kifaransa, na mwalimu wake amemshauri atazame filamu za kuchekesha ili masikio yazoee lugha. Wa pili hana haja na Kifaransa hata kidogo. Ana Jumamosi moja jioni, ana watoto sebuleni, na amechoka na filamu za bunduki. Wote wameyasikia majina haya mawili, wamefungua orodha ya filamu, wamekuta rundo, na wameishia kutotazama chochote.

Mimi humjibu mtu kwa kumwuliza: unapenda kumcheka bosi, au unapenda kucheka pamoja na yule anayetumwa na bosi? Ukishanijibu hilo, nusu ya kazi imekwisha. De Funès ni bosi. Richard ni yule mwingine.

Kijiti na fidla

Ziko filamu mbili zinazoonyesha tofauti hiyo kuliko maelezo yangu yoyote, kwa sababu zote mbili zimewaweka kwenye muziki. Katika La Grande Vadrouille ya mwaka 1966, de Funès ni Stanislas Lefort, kiongozi wa okestra kwenye Opera ya Paris wakati Wajerumani wameukalia mji. Tunamkuta mazoezini, muziki ni wa Berlioz. Itazame mikono yake: haipungi ovyo. Ngoma ikigonga, bega limeshatangulia. Fidla zikipanda, nyusi zimepanda nazo. Kabla ya kuingia sinema mtu huyu alikuwa akipiga piano usiku kwenye baa za Pigalle, na kwa ajili ya dakika hizo chache mbele ya okestra alijifua kwa muda mrefu. Kisha muziki unakatika, na Lefort anawagombeza wanamuziki wake kama mwalimu aliyekuta darasa linapiga kelele.

Miaka 6 baadaye, katika Le Grand Blond avec une chaussure noire (1972), Pierre Richard ni François Perrin, mpiga fidla. Mkubwa mmoja wa idara ya ujasusi anataka kumnasa msaidizi wake anayemchimba, kwa hiyo anaagiza achaguliwe abiria yeyote pale uwanja wa ndege wa Orly, mtu asiye na habari, ili msaidizi adhani ni jasusi hatari. Anachaguliwa Perrin, kwa sababu anashuka akiwa amevaa kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia. Kuanzia hapo nyumba yake inapekuliwa, simu yake inasikilizwa, watu wanauana nyuma ya mgongo wake, na yeye anakwenda kwa daktari wa meno.

Lefort anaamini dunia inafuata kijiti chake. Haipiti muda yuko barabarani anakimbia Wajerumani, na anafikia kubebwa mabegani na mpaka rangi wa majumba, ambaye ni Bourvil, rafiki na mwenzake mkuu wa de Funès kwenye filamu. Tunamcheka kwa sababu ameshushwa. Perrin hashushwi na mtu, hajawahi kupanda. Tunamcheka huku tukimwogopea, na tukitamani mtu amwambie ageuke nyuma.

Ukijijua ni mtu wa kufurahia kumwona mwenye makuu anaumbuka, acha kusoma hapa, nenda kaanze na La Grande Vadrouille. Iliuza tiketi zaidi ya milioni 17 Ufaransa, na kwa miaka 40 na zaidi hapakuwa na filamu nyingine ya Kifaransa iliyoipita nchini humo, mpaka mwaka 2008. Si lazima umati uwe sahihi kila siku, lakini kwa hii ulikuwa sahihi.

Mmoja alichelewa, mwingine alifika na virago vyake

Njia walizopita ndizo zinazofanya orodha ya mmoja iwe msitu na ya mwingine iwe shamba.

Louis de Funès alizaliwa tarehe 31 Julai 1914 mjini Courbevoie, kando ya Paris, kwa wazazi waliotoka Hispania. Mara ya kwanza kusimama mbele ya kamera ilikuwa 1945, na kazi yake ilikuwa kufungua mlango: alikuwa bawabu wa kabareti. Baada ya hapo ilipita karibu miaka 20 ya uhusika wa dakika mbili, dakika tano. Mhudumu, karani, mpita njia mwenye hasira. Filamu zake zote zinazidi 140, na sehemu kubwa ni hizo. Ndiyo maana namwonya mtu anayependa kuanza mwanzo kabisa na kwenda kwa mpangilio wa miaka: kwa de Funès usifanye hivyo. Utatazama saa moja na nusu ukimngojea, apite na trei, aondoke.

Ipo moja tu ya zama hizo ambayo ningekusihi usiiruke. Ni La Traversée de Paris ya 1956, ya mwongozaji Claude Autant-Lara. Watu wawili, Jean Gabin na Bourvil yuleyule, wanasafirisha nyama ya nguruwe ya magendo usiku katika Paris iliyokaliwa. De Funès ni Jambier, mwenye duka anayeificha nyama hiyo chini ya nyumba. Gabin anaona malipo ni madogo. Hapigi mtu wala hatoi kisu. Anaanza tu kulitaja jina la Jambier na anwani yake kwa sauti kubwa, ili nje wasikie, na kila akiipandisha sauti, anapandisha na bei. De Funès haongei sana pale. Anasinyaa. Unamwona mtu akihesabu noti kwa vidole na huku masikio yapo mlangoni. Nikiitazama hiyo huwa nasikitika kwamba watu wengi wanamjua kwa kelele peke yake, kwani hofu aliijua vilevile, na hata hasira za baadaye zimetoka ndani ya hofu hiyo.

Nyota ilimwakia mwaka 1964, mwaka aliotimiza miaka 50. Septemba ilitoka Le Gendarme de Saint-Tropez, Novemba ikatoka Fantômas. Mwaka uliofuata, Le Corniaud, akiwa na Bourvil, iliuza tiketi zaidi ya milioni 11. Kutoka hapo mpaka anafariki ni chini ya miaka 20. Ukisikia maisha marefu ya sanaa, kwa upande wake kumbuka hesabu hiyo: miaka 20 ya kungoja mlangoni, na karibu 20 ya kuwa mwenye nyumba.

Pierre Richard ni tofauti kabisa. Alizaliwa 16 Agosti 1934 Valenciennes, kaskazini, katika familia yenye uwezo, akaiacha njia waliyomwandalia akaenda kutafuta jukwaa. Alicheza dansi kwenye kundi la Maurice Béjart, akafanya vichekesho vya kabareti na Victor Lanoux. Mwongozaji Yves Robert alimpa nafasi katika Alexandre le bienheureux (1968), akaona kwamba mtu huyu haingii kwenye uhusika wa kawaida, akamtia moyo atengeneze filamu zake mwenyewe. Mwaka 1970 ikatoka Le Distrait, Richard akiwa mwandishi, mwongozaji na stelingi. Mhusika wake ni mtu ambaye mawazo yake hayako pale mwili ulipo, na mbegu yake ilitoka kwa mwandishi wa karne ya 17, La Bruyère. Basi ukianza na Le Distrait unamkuta tayari ni Pierre Richard kamili: nywele zile, mikono mirefu isiyojua pa kukaa, mwendo wa mtu anayekaribia kuanguka bila kuanguka.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kupenda kumfuata msanii hatua kwa hatua, filamu baada ya filamu, Richard ndiye wako. Kila anachokifanya miaka ya sabini kinaota kutoka kwa kilichotangulia. Kwa de Funès itakubidi uchague kumi na kuziacha mia.

Filamu ambayo ingewakutanisha

Yves Robert huyo alikuwa ameshafanya kazi na de Funès mwaka 1958, katika Ni vu, ni connu, kabla hajawa nyota. Na Claude Zidi, baada ya kumwongoza Richard mara mbili pamoja na Jane Birkin mwaka 1974 na 1975, alihamia kwa de Funès. Muziki wa wote wawili, mara kadhaa, uliandikwa na mtu mmoja, Vladimir Cosma. Walikuwa wakipita kwenye vyumba vilevile.

Mwaka 1976 Zidi alitengeneza L'Aile ou la cuisse, yaani bawa au paja, kama mtu anapogawa kuku mezani. De Funès ni Charles Duchemin, mkosoaji wa migahawa anayeogopwa na wapishi wa nchi nzima, na mwanawe hataki kurithi kazi hiyo. Kwa siri ni mchekeshaji wa sarakasi. Uhusika wa mwana huyo ulipelekwa kwanza kwa Pierre Richard. Akaukataa, ukaenda kwa Coluche, ambaye aliufanya vizuri sana kwa upole usiotarajiwa. Nimewahi kuitazama filamu hiyo nikijaribu kumweka Richard mahali pa Coluche, na nadhani alikataa kwa haki. Mwana yule anapaswa kumkabili baba. Mhusika wa Richard hakabiliani na mtu. Anapita pembeni, na kwa kupita pembeni anaangusha kabati.

Lugha

Hili ndilo watu hulisahau, na kwa msomaji wa Kiswahili ndilo linaloamua mengi.

Mara ya kwanza kumwona de Funès ilikuwa Kigoma, nikiwa mtoto, nyumbani kwa jirani aliyehamia kutoka Bujumbura na kanda zake za video. Tulikuwa watoto labda wanane sakafuni. Hakuna aliyejua Kifaransa isipokuwa watoto wa mwenye nyumba, na wao walishachoka kututafsiria. Ikafika pale Cruchot, yule askari wa Saint-Tropez, anapopewa lifti na mtawa anayeendesha Citroën 2CV kama amekatika breki. Mtawa anatabasamu, anaongea kwa utulivu, gari linaruka mitaro. De Funès pembeni hana neno. Ameshika kofia, amekaza miguu kwenye sakafu kana kwamba anaweza kulisimamisha gari kwa nyayo, na macho yanatoka kidogo kila kona. Tulicheka mpaka mama wa nyumba ile akaja kuangalia kama kuna aliyeumia. Hatukuhitaji mtafsiri. Hata DJ wa kusimulia juu ya picha angekuwa ametuharibia.

La Chèvre nilikuja kuiona nikiwa mkubwa, kwenye kanda isiyo na maandishi chini, na nusu yake ilinipita. Niliirudia baadaye nikiwa nimejifunza lugha, na nikakuta filamu nyingine kabisa. Sababu ni kwamba filamu nzuri kabisa za Richard ziliandikwa na Francis Veber, na Veber hujenga kicheko kama fundi ujenzi: tofali hili limelala juu ya lile. Ukilikosa neno moja dakika ya kumi, kicheko cha dakika ya arobaini hakiji.

Chukua mwanzo wa La Chèvre (1981). Binti wa tajiri amepotea Mexico. Binti huyo ana gundu la kuzaliwa nalo: akipita penye ndizi anateleza, akipita penye mlango unamgonga. Mwanasaikolojia wa kampuni anakuja na wazo: apelekwe mtu mwenye gundu lilelile, naye atajikwaa palepale alipojikwaa binti. Wanamleta mhasibu wa kampuni, ambaye ni Richard. Naye anaitwa François Perrin kama yule mpiga fidla, lakini ni mtu mwingine. Ili kumhakikishia tajiri na mpelelezi, ambaye ni Gérard Depardieu, mwanasaikolojia anaweka kiti kibovu kimoja kati ya viti vizima vilivyozunguka meza ya mikutano. Perrin anakaribishwa aketi popote. Anaviangalia. Anapita kimoja, anapita cha pili, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayeogopa kukaa mahali pa mwenye nyumba. Nyuso za wale watatu zinamfuata. Halafu anakaa. Ukiwa umeyaelewa maneno yaliyotangulia, ule ukimya kabla hajakaa unauma mbavu. Ukiwa hukuyaelewa, umeona tu mtu kaanguka na kiti.

Kwa mwanafunzi wa Kifaransa, basi, ushauri wangu unapingana na wa walimu wengi. Wao hutoa de Funès kwa sababu ni mwepesi kufurahia. Lakini anaongea upesi, anameza maneno, ananguruma, na kwa sababu unaelewa kwa macho, masikio yanalala. Mwanafunzi aanze na Veber na Richard, akiwa na maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Kila sentensi ina kazi, na utajilazimisha kuielewa kwa sababu hutaki kupitwa na kicheko. Kwa jirani wa Goma, Bukavu au Bujumbura ambaye Kifaransa alikisoma darasani, kikwazo hiki hakipo, na hapo swali linarudi kwenye tabia yake tu.

Namna mbili za kumtazama mwenye mamlaka

Nimesema de Funès ni bosi, lakini si bosi mkubwa. Cruchot ana mkubwa wake, Gerber, anayechezwa na Michel Galabru. Mbele ya Gerber ananywea, anajikomba, anacheka kabla mzaha haujaisha. Akigeukia walio chini yake, shingo inarefuka, kidole kinanyooka, na sauti inapanda. Uso unabadilika katikati ya sentensi, kwa sekunde isiyotimia, na ukisimamisha picha utaziona sura mbili juu ya mtu mmoja. Aliyewahi kufanya kazi penye ngazi za vyeo anamjua mtu huyu kwa jina lake halisi. Alikuwa mfupi, mita 1.64, na aliutumia ufupi huo: anamtazama kila mtu kwa kuinua kichwa au anamtafuta aliye mfupi zaidi. Katika Oscar (1967), mfanyabiashara Barnier anapogundua utajiri wake umepotea, hasira inamzidi maneno, anaishika pua yake na kuivuta mbele kama mpira, anazidi kuivuta, mikono inarudi nyuma na pua ya kufikirika inafuata. Alikuwa ameucheza uhusika huo jukwaani miaka kadhaa kabla ya kamera, na inaonekana. Kila kidole kinajua kinakokwenda.

Upande wa pili wa meza uko katika Le Jouet (1976), yaani kitu cha kuchezea, filamu ya kwanza ambayo Veber aliiongoza mwenyewe. Richard, tena kwa jina la Perrin, ni mwandishi wa habari aliyekosa kazi kwa muda mrefu, akaajiriwa kwenye gazeti la tajiri Rambal-Cochet. Siku moja mtoto wa tajiri yuko katika duka kubwa la baba yake anachagua kitu cha kuchezea, anamwona Perrin, anasema anamtaka yule. Wakubwa wanahangaika, kisha wanampakia Perrin kwenye sanduku na kumpeleka nyumbani kwa mtoto. Anakubali kwa sababu anahitaji mshahara.

Michel Bouquet, anayemcheza tajiri, hapandishi sauti hata mara moja. Kuna pale anapomwamuru mhariri wake mkuu avue nguo apite uchi mbele ya wafanyakazi. Mhariri anaanza kuvua. Ndipo tajiri anamwuliza ni nani kati yao wawili aliye zimwi: anayeamuru, au anayetii. Sijawahi kuitazama sehemu hiyo na mtu mzima mwenye ajira akabaki anacheka. Wengi humwita mhusika wa Richard bwege, na mimi sikubaliani nao kwa sababu ya filamu hii. Perrin anaona kila kitu. Anachokosa ni ngozi ngumu, na mtoto ndiye wa kwanza kulitambua hilo.

Kama umeshawahi kumwona Tom Hanks akivaa kiatu kimoja chekundu, au Richard Pryor akinunuliwa na mtoto wa tajiri, umeshaionja kazi ya Richard bila kujua. Marekani walizitengeneza upya filamu zake moja baada ya nyingine. Za asili ni bora, na tofauti si ndogo. Ile filamu ya Oscar nayo walimpa Sylvester Stallone mwaka 1991. Hiyo iache.

Ukiwa na watoto, ukiwa peke yako

Kwa watoto jibu ni jepesi, ni de Funès, na anza na Le Gendarme ya kwanza au moja ya zile tatu za Fantômas. Tahadhari yangu ni kwa mfululizo wa Le Gendarme, wenye filamu 6 mpaka mwaka 1982. Baada ya ya nne zinachoka. Ile ya mwisho ina askari wanafunzi wasichana, mmoja wao binti wa rais wa nchi ya Kiafrika ya kubuni, na namna wasichana wote wanavyotazamwa na kamera imechakaa vibaya. Huna haja ya kuifikia.

Les Aventures de Rabbi Jacob (1973) itazame na watoto wakubwa kidogo, kisha zungumza nao. De Funès ni mwenye kiwanda anayewadharau watu wa kila kabila na dini isiyo yake, anayelazimika kujificha kwa kujifanya rabi pamoja na mwanamapinduzi wa Kiarabu. Anatumbukia kwenye tangi la ubani wa kutafuna wa kijani, anacheza dansi mtaani na Mayahudi wanaomshangilia, na polepole, huku tukicheka, zile dharau zinamdondoka kama magamba. Ni filamu yake ninayoipenda kuliko zote, hata kuliko La Grande Vadrouille.

Ukiwa peke yako, usiku, na siku haikuwa nzuri kazini, weka Le Grand Blond au Le Jouet. Ukiwa wawili, La Chèvre, kisha nyingine mbili alizofanya Richard na Depardieu kwa mkono wa Veber, Les Compères (1983) na Les Fugitifs (1986). Ya tatu ina mtoto mdogo asiyeongea, na itakutoa machozi, jiandae.

Walivyozeeka

Machi 1975 moyo wa de Funès ulimshtua mara mbili ndani ya siku chache, akiwa bado anaigiza jukwaani Paris. Tangu hapo hakurudi jukwaani, na kurudi kwenye sinema kulikuwa na mashaka ya kampuni za bima. Alirudi na L'Aile ou la cuisse, amekonda, na ukiitazama kwa makini utaona hasira zake zimekuwa fupi na zenye kuchagua. Mimi naona zimekuwa nzuri zaidi. Mwaka 1980 alipewa César ya heshima, tuzo ya sinema ya Ufaransa, akakabidhiwa na Jerry Lewis. Siku za mapumziko alikuwa Le Cellier, karibu na mto Loire, akitunza mawaridi bila kemikali. Alifariki Nantes tarehe 27 Januari 1983, akiwa na miaka 68. Msichana askari na kabichi, yaani Les Gendarmettes na La Soupe aux choux, ndizo zilikuwa za mwisho, na hazikumstahili mtu wa kipimo chake.

Richard alipewa César ya heshima mwaka 2006, na wakati huo wengi walidhani amestaafu, yuko kwenye shamba lake la mizabibu huko Gruissan. Kumbe alikuwa ameshapita mahali ambako de Funès hakupata muda wa kufika. Mwaka 1996 alicheza mpishi wa Kifaransa katika filamu ya Nana Djordjadze wa Georgia, Les Mille et une recettes du cuisinier amoureux. Akapata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Karlovy Vary, na filamu ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mwaka 2023 alikuwa duke mzee mbele ya mfalme katika Jeanne du Barry. Mei 2025, akiwa na miaka 90, alikwenda kwenye tamasha la Cannes na filamu aliyoiongoza na kuigiza mwenyewe.

Ukitaka kujua kama uzee wa mchekeshaji unakugusa, usianze na hizo kubwa. Tafuta Paris pieds nus, ya Dominique Abel na Fiona Gordon. Richard anatokea muda mfupi tu. Amekaa kwenye benchi, makaburini, na Emmanuelle Riva, ambaye naye alikuwa amekaribia miaka 90. Kamera inashuka miguuni. Kiatu chake kinagonga ardhi mara mbili, cha Riva kinajibu. Kisha miguu yote minne inaanza kucheza dansi, kulia, kushoto, kisigino, kidole, na wenyewe hawajanyanyuka. Ni miguu ya yule kijana aliyepita kwa Béjart miaka 60 nyuma. Riva alifariki Januari 2017, kabla filamu haijaingia kwenye majumba ya sinema ya Ufaransa.